Ukiziba Huku, Wanachomokea Kule: Siku Sita za Columbus, Arlington na Kurudi

Nimerudi nyumbani Jumatatu usiku, miguu imevimba, gari limejaa makombo. Nimeandika haya kutoka kwenye daftari langu dogo, risiti za mafuta na picha za simu. Palipo na pengo ujue nilikuwa nimelala, au barabara haikuwa na la kusimulia.

Kwanza nieleze kwa nini mtu mzima anaendesha zaidi ya maili 1,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, katikati ya Januari 2025, kwa ajili ya timu ya chuo kikuu, Ohio State, ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Nilipofika Columbus, Ohio, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuza soda kwenye banda lililo chini ya majukwaa ya Ohio Stadium. Uwanja ule unabeba watu 102,780. Misimu miwili niliisikia Ohio State bila kuiona: dari inatikisika, wateja wanatukimbia sote kwa pamoja, halafu wanarudi wakilia au wakicheka. Nilipopata kazi nyingine na kuweza kukaa jukwaani, nilikuwa shabiki tayari.

Na msimu huu tulikuwa na sababu ya kutamba. Mashambulizi yetu yalikuwa na kila kitu. Wakimbiaji wawili ambao kila mmoja angeanza peke yake popote: TreVeyon Henderson mwenye kasi, na Quinshon Judkins, aliyetoka Mississippi, mwenye mabega. Wapokeaji: Emeka Egbuka mzoefu, Carnell Tate, na kijana wa mwaka wa kwanza Jeremiah Smith ambaye anadaka mpira kwa mkono mmoja kana kwamba anachuma embe. Kwotabeki, yaani mrusha mpira, ni Will Howard, tuliyemchukua kutoka Kansas State, ana mwili mkubwa na akikosa wa kumpasia anakimbia mwenyewe. Wimbo wetu wa mwaka mzima ulikuwa huo: ukiziba huku, wanachomokea kule.

Halafu tarehe 30 Novemba, nyumbani kwetu, Michigan wakatufunga 13 kwa 10. Timu yenye milango kumi ikang'ang'ania mlango mmoja, katikati, penye ukuta. Sikula chakula cha jioni siku ile. Ndipo yakaja mashindano mapya ya timu 12 ya kumtafuta bingwa wa vyuo: Tennessee wakala 42 kwa 17, na siku ya mwaka mpya Oregon wakaongozwa 34 kwa 0 kabla ya mapumziko, mwisho 41 kwa 21. Matumaini yakafufuka na maradhi yake yote. Nusu fainali na Chuo Kikuu cha Texas, Ijumaa tarehe 10 Januari, mjini Arlington, Texas. Nikanunua tiketi mbili asubuhi baada ya ushindi wa Oregon, dola 218 kila moja, juu kabisa karibu na paa.

Siku ya kwanza, Jumatano 8 Januari: Columbus hadi Memphis

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu watatu. Mimi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Mombasa, Arsenal damu, ambaye tiketi ya pili ilikuwa yake kwa sababu hakuna mwingine aliyepata likizo. Na Mzee, jirani yetu kutoka Bukavu, ambaye mpira haumhusu: dada yake anakaa Fort Worth na hawajaonana tangu wapishane kambini miaka mingi iliyopita. Mzee alichangia mafuta na akaleta koti la ziada "ya mutu mwenye atasahau". Shemeji alisahau lake.

Barabara ni I-71 mpaka Louisville, kisha I-65. Theluji ya Jumapili bado ilikuwa imerundikwa pembeni Kentucky, chafu kama majivu, ila lami ilikuwa kavu. Chini kidogo ya Elizabethtown saa inarudi nyuma, ukapata saa moja ya bure. Smiths Grove tukasimama Buc-ee's, kituo cha mafuta kikubwa kama soko la wilaya, chenye picha ya mnyama mwenye meno mawili. Malori makubwa hayaruhusiwi. Vyoo vyake ni safi kuliko sebule yangu. Mama mmoja aliona fulana yangu akapaza sauti, "O-H!" Nikajibu, "I-O!", ndiyo salamu ya mashabiki wetu. Shemeji akaniuliza kama nimetukanwa.

*Kwa atakayepita njia hii:* mafuta jaza Kentucky au Tennessee. Chai, chapati na kuku tulibeba wenyewe, tukaokoa kama dola 60 kwa siku ya kwanza tu. Chupa mbili za chai hazitoshi watu watatu.

Memphis tuliingia jioni. Mji ule ni wa mbavu za nguruwe, na Shemeji hata harufu hataki. Tukazunguka mpaka tukapata kibanda cha kambale wa kukaangwa kwa unga wa mahindi, vipande viwili na kabichi dola 13. Kambale yule alikuwa mkavu nje, laini ndani, na mpishi alipoona Mzee anatafuna mpaka kichwa cha mfupa akamwongezea kipande bure. Moteli dola 72, kitanda cha tatu ni zulia. Nililala zuliani mimi, maana safari ilikuwa yangu.

Siku ya pili, Alhamisi 9 Januari: Memphis hadi Texarkana

Tulivuka Mississippi kukiwa na ukungu. Bendera zote njiani zilikuwa nusu mlingoti. Siku ile walikuwa wanamzika Jimmy Carter. Mzee aliomba tuzime redio ya mpira tusikilize ibada, tukasikiliza mpaka Little Rock bila kusemezana.

Utabiri wa hewa ulisema dhoruba inatokea Texas kuja upande wetu, yaani sisi na dhoruba tunaendeana. Nilijua. Mke wangu alijua zaidi na alinitumia ramani tatu. Baada ya Hope, mji aliozaliwa Bill Clinton, mvua ikaanza kuwa na chembe, chembe zikawa theluji ya majimaji. Nikashika maili 35 kwa saa. Malori yakatupita yakiturushia uji wa matope kwenye kioo.

Kwenye njia ya kutokea, nilikanyaga breki. Kosa langu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Gari likaenda lilikotaka, polepole sana, likajigeuza ubavu na kukaa kwenye mtaro wa majani. Hakuna aliyeumia. Shemeji alikuwa ameshika chupa ya chai kifuani kama mtoto.

Tulisukuma dakika kumi, viatu vikajaa maji. Ndipo likaja gari la mizigo lenye mnyororo nyuma, na mzee wa Kizungu mwenye kofia ya rangi ya chungwa iliyoungua, ile ya Texas yenye pembe. Akatazama namba ya gari: Ohio. Akatazama fulana yangu. Akarudi garini kwake. Nikajua ameghairi. Alikuwa anafuata glovu.

"Nikiwaacha hapa," alisema huku akiingia chini ya bampa, "kesho mtasema tuliogopa."

Alituvuta kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mnyororo uliteleza. Nilimpa dola 40 akakataa, nikampa chapati mbili akapokea, akala moja palepale amesimama kwenye theluji. Akauliza ndani yake kuna nini. Nikamwambia mafuta na uvumilivu. Akanionya tusiende mbele usiku, madaraja yanaganda kwanza. Tukamtii: moteli Texarkana, dola 81, kukiwa bado kweupe.

*Kwa msafiri:* madereva wa huku hawajazoea theluji, na magari ya kumwaga chumvi si mengi kama Ohio. Beba koleo, blanketi na mchanga wa choo cha paka. Mchanga ule ukiumwaga chini ya tairi unasaidia kweli. Mimi niliuacha gereji.

Usiku tulitazama nusu fainali nyingine, Notre Dame na Penn State, Notre Dame wakashinda 27 kwa 24 kwa teke la sekunde za mwisho. Wakati wa matangazo nikaamua kumfundisha Shemeji. Nilikuwa na korosho za Mtwara nilizoletewa na mgeni. Nikazipanga kitandani: tano mbele, huo ni ukuta. Moja nyuma, kwotabeki. Moja ubavuni mwake, mkimbiaji. Tatu pembeni, wapokeaji. Ya mwisho pembeni mwa ukuta, huyu anaweza kuzuia, anaweza kupokea.

"Sasa tazama," nikamwambia, "wana majaribio manne ya kupata yadi 10. Kwa mpangilio huuhuu mmoja wanaweza kukimbia katikati, kukimbia pembeni, kurusha mbali, au kumpa mkimbiaji pasi fupi ubavuni. Beki hajui kinachokuja. Akiwarundika watu mbele, Smith yuko nyuma yao. Akiwarudisha nyuma, Judkins anapita katikati."

Shemeji akanyoosha mkono akala korosho ya kushoto kabisa mwa ukuta.

"Huyo ni Josh Simmons!" nikasema. Na kweli Simmons aliumia goti Oktoba kule Oregon. Basi nikafanya walichofanya makocha: nikamchukua Donovan Jackson, wa ndani yake, nikamsogeza nje akazibe. Baadaye Seth McLaughlin wa katikati naye akaumia mazoezini. Shemeji akala na huyo. Watu wawili wa ukuta wameondoka na bado mashambulizi yanatiririka. Nikamwambia hapo ndipo matumaini yangu yanapolala, si kwa Smith peke yake.

"Shemeji," akasema kwa upole wake wa pwani, "hayo matumaini yako nimeyasikia tangu Kentucky. Mpira unaosimama kila sekunde tano, mtu ataamini vipi?"

Mzee alikuwa amelala na viatu.

Siku ya tatu, Ijumaa 10 Januari: Texarkana hadi uwanjani

Mwendo wa saa tatu ulituchukua sita. I-30 ilikuwa na mistari miwili ya lami katikati ya weupe, ukitoka kwenye mistari umekwisha. Tulihesabu magari tisa mitaroni na kila moja nililionea aibu kana kwamba ni langu. Karibu na Dallas ikapungua, theluji ikawa maji.

Fort Worth, dada yake Mzee alikuwa amesimama nje mlangoni, kitenge juu ya koti. Sitaeleza sana. Walishikana mikono tu, muda mrefu, wakaanza kuulizana habari za watu mmoja mmoja, na sisi tukaingia ndani tukajifanya tunatazama picha ukutani. Kulikuwa na fufu, sombe (kisamvu) na samaki. Tulikula kama watu waliotoka mtaroni, na ndivyo ilivyokuwa.

*Kuhusu kufika uwanjani:* Arlington ni mji mkubwa usio na treni wala mabasi ya kawaida ya kukushusha mlangoni. Maegesho ya uwanja ni ghali. Sisi tulilipa dola 40 kwenye kiwanja cha mtu na kutembea dakika 25. Mkoba lazima uwe wa plastiki inayoonyesha. Wa Shemeji ulikataliwa, akarudi nao garini, dakika 50 zikapotea. Tiketi ipakue kwenye simu kabla, mtandao pale mlangoni unasuasua. Na usinunue mapema kama mimi: jirani yangu jukwaani alinunua mchana wa siku hiyo kwa bei ya chini sana, watu wengi walikwamishwa na hali ya hewa.

Mechi saa kumi na mbili na nusu jioni. Paa limefungwa, joto zuri, na ile televisheni kubwa iliyoning'inia katikati hata unasahau kutazama chini. Rangi ya chungwa ilikuwa nyingi, hapa ni kwao. Lakini sisi wa nyekundu tulijaa vilevile, na ile "O-H" ilizunguka kona nne.

Mara ya kwanza tu kushika mpira, tukaenda moja kwa moja, Judkins akaingia nao langoni. Nikamgeukia Shemeji. Nilikuwa na uso wa mtu aliyejenga timu hii kwa mikono yake.

Halafu ikakauka. Karibu robo ya pili nzima hatukupata kitu. Texas walikuwa wamekuja na dawa ya Smith: popote alipokwenda alikuwa na watu wawili, mmoja chini mmoja juu, kama mfungwa anayepelekwa mahakamani.

"Yuko wapi yule kijana wako wa kuchuma maembe?" Shemeji akauliza.

"Subiri."

"Nasubiri."

Zimebaki sekunde 29 kabla ya mapumziko, Texas wakasawazisha, 7 kwa 7. Jukwaa la chungwa likafanya pembe kwa vidole. Nilikuwa nimeanza kuvaa koti niwahi foleni ya choo. Howard akarudi nyuma, mabeki wote wakamrukia, akaudondosha mpira juu ya vichwa vyao, taratibu, kama mtu anayempa jirani chumvi juu ya ukuta. Henderson alikuwa pale peke yake. Wazuiaji wawili watatu mbele yake, halafu hakuna mtu. Yadi 75. Kutoka tulipokaa alionekana kama sisimizi aliyekosea njia na hakuna anayeweza kumkamata.

Ni ile pasi fupi ya ubavuni. Ile ile ya kitandani Texarkana. Shemeji hakusema neno ila alinishika bega, akasahau kuliachia.

Kipindi cha pili kilikuwa kigumu na sitakipamba. Texas wakasawazisha tena, 14 kwa 14. Mara zote mbili ni kwotabeki wao Quinn Ewers akimpa mkimbiaji Jaydon Blue. Howard akapoteza mpira mmoja. Picha ya Michigan ikanijia: 13 kwa 10, mlango mmoja, ukuta. Mtu wa nyuma yangu, fulana kama yangu, alianza kumtukana kocha Ryan Day kwa jina. Matumaini yetu ndivyo yalivyo, yanaishi ghorofa moja na matusi.

Robo ya nne tukaanza mbali, karibu na lango letu, na hapo ndipo nilipoona nilichoendea. Yadi 88. Tate anapokea, Egbuka anapokea, Judkins anasukuma, Smith anakimbia bure na kuwavuta wale wawili wake mbali. Jaribio la nne, yadi mbili zinatakiwa. Kila mtu uwanjani akaangalia wakimbiaji. Howard akaushika mwenyewe, akapita katikati, mtu mzima mzito anakimbia yadi 18, akajikwaa miguu yake mwenyewe bila kuguswa. Tulicheka na kulia. Judkins akamalizia kutoka yadi moja. 21 kwa 14.

Na Smith? Mechi nzima alidaka mara moja, yadi tatu. Huyo ndiye mchezaji niliyemsifu kwa maili 1,000. Tangu nianze kuwatazama sijaona ushahidi bora wa hoja yangu, ila jaribu kumweleza hivyo mtu wa Mombasa aliyekuja kumwona Smith.

Lakini niseme kweli. Mechi haikumalizwa na mashambulizi yetu yenye milango kumi. Texas walifika yadi moja kutoka langoni. Yadi moja! Wakajaribu kuzunguka pembeni, wakarudishwa yadi saba. Jaribio la nne, Ewers akataka kurusha, na Jack Sawyer, beki wetu, aliyewahi kukaa naye chumba kimoja Ewers alipokuwa Ohio State, akamgonga mkono, mpira ukachomoka, akauokota mwenyewe, akakimbia yadi 83. Zimebaki dakika mbili na sekunde 13. 28 kwa 14. Mwisho alikuwa anakimbia kama mtu aliyebeba gunia la mkaa, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumfuata.

Shemeji alikuwa amesimama juu ya kiti. Sauti haikuwepo tena, aliniambia kwa midomo: "Huyu ulimficha wapi?" Kweli, sikuwa nimempangia korosho.

Siku ya nne, Jumamosi 11 Januari: Fort Worth

Arkansas na Memphis zilikuwa chini ya theluji ya jana yake, tukakaa. Dada yake Mzee alikataa katakata habari ya moteli. Mchana wakaja majirani, Wakenya wawili na familia ya Kirundi, mchele na maharage, mazungumzo ya kodi za nyumba na shule. Mkenya mmoja ni shabiki wa Texas. Alinipa pole, nikamwambia mwenye kupewa pole ni yeye. Akasema hapana, pole ya barabara.

Mzee akaamua kubaki wiki mbili. Lile koti la ziada akamwachia Shemeji.

Siku ya tano, Jumapili 12 Januari: Fort Worth hadi Jackson, Tennessee

Jua kali, barabara nyevu, vilima vya theluji kando ya I-40. Pale kwenye mtaro wetu alama za tairi zilikuwa bado zinaonekana. Nilipunguza mwendo, Shemeji akapiga picha. Moteli Jackson dola 68, kifungua kinywa ni uji wa shayiri na ndizi moja kwa kila mtu, kuna mtu anahesabu.

Siku ya sita, Jumatatu 13 Januari: Jackson hadi nyumbani

Tuliendesha kwa zamu, tukafika saa tatu usiku.

*Hesabu kwa watakaoniuliza:* mafuta kwenda na kurudi dola 247, moteli tatu dola 221, tiketi dola 436, maegesho 40, chakula cha njiani kama 95. Mtaroni sikulipa kitu, zaidi ya chapati mbili.

Fainali ni tarehe 20 Januari, Atlanta, na Notre Dame. Nimemwambia mke wangu siendi. Notre Dame wana beki nzuri, na najua watamwekea Smith watu wawili vilevile, wacha waweke. Mchana huu Mzee ametuma ujumbe wa sauti kutoka Fort Worth, nyuma yake watoto wanapiga kelele. Anauliza mupira itaanza saa ngapi, na kwamba dada yake anataka kujua yule mwenye kukimbia na gunia atacheza tena.